Barua ya wazi kwa wafanyabiashara wa Kasongo na Kabambare: Bonane hii msituletee bunduki za watoto

Kasongo, mwezi wa 9

Kwa baba na mama zetu wa masoko ya Kasongo na Kabambare: wenye maduka, wenye meza, na ninyi mnaotandika bidhaa chini juu ya shuka,



Nawaandikia mwezi huu kwa sababu najua ndio wakati mnapohesabu fedha za safari. Mvua zinaanza, na kabla barabara hazijawa tope wengi wenu mtatuma vijana wa pikipiki Uvira, Baraka au Kalemie wakachukue mzigo wa Noeli na Bonane. Mtaandika kwenye karatasi: sabuni, vitenge, chumvi, biskuti, betri za tochi. Mahali fulani katika karatasi hiyo mtaandika pia vichezeo vya watoto. Barua yangu ni juu ya mstari huo mmoja tu. Naomba mfute bunduki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasongo, na ni mama wa watoto wanne. Wengi wenu mnanijua. Watoto wenu wamepita darasani kwangu, na mimi nimekopa kwenu daftari na kalamu miezi ambayo mshahara ulichelewa. Siwaandikii kama adui. Mtu anayetoa katoni ziwani, akaipitisha Lulimba na Salamabila mpaka ikafika hapa, anajua jasho kuliko sisi tunaoshika chaki. Na sitaki mwache kuleta vichezeo. Mtoto asiyepewa kitu siku ya Idi au ya Bonane anaumia, na mzazi wake anaumia zaidi.

Niwasimulie siku yenyewe. Ilikuwa Bonane iliyopita, saa kumi za jioni. Lupango letu lilijaa watoto: wangu, wa majirani, na mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka saba, aliyekuja kukaa kwetu pamoja na mama yake kutoka upande wa Salamabila, wakati risasi zilipowatoa kwao. Watoto watatu wa jirani walikuwa wamenunuliwa bunduki sokoni asubuhi ile. Bunduki nyeusi za plastiki, ndefu kama mkono, zenye taa nyekundu mdomoni, na ukizibonyeza zinalia ta-ta-ta-ta. Walichukua kamba ya kuanikia nguo, wakaifunga kutoka kwenye mwembe hadi kwenye nguzo ya jiko, wakasema hii ni bariere, kila anayepita aonyeshe karatasi au alipe. Dada zao walilipa kwa majani ya mwembe. Sisi wakubwa tulikuwa barazani tunacheka. Nami nilicheka.

Kisha mtoto wa mdogo wangu akatokea na ndoo ndogo ya maji kichwani. Mmoja wa wale watatu akamwelekezea bunduki, akabonyeza. Mtoto hakukimbia wala hakulia. Aliishusha ndoo kwa mikono miwili, akaiweka chini taratibu bila kumwaga tone, akalala kifudifudi katika vumbi na shati lake la sikukuu, akaweka viganja vyake juu ya kisogo, vidole vimeshikana. Akatulia hivyo. Wenzake wakapiga makofi, wakidhani anaujua mchezo kuwapita wao. Mama yake alikuwa anapepeta mchele. Aliinuka, mchele wote ukamwagika, akaenda kumwinua. Mtoto alikataa kuinuka mpaka alipoambiwa, "Wamekwisha kwenda."

Hapa kwetu hakuna aliyemfundisha kulala vile.

Tangu siku ile nimekuwa nikipita sokoni nikizitazama bunduki zile zinavyoning'inia kwa kamba juu ya meza zenu, katikati ya pupe zenye nywele za njano na magari mekundu. Ziko za watoto wa miaka mitatu. Ziko zilizofungwa pamoja na pingu na kofia ya askari. Nimeuliza bei: elfu tano za franga, elfu nane, moja elfu kumi na mbili. Kwa elfu tano mama mmoja wa hapa analisha nyumba siku nzima. Wazazi wananunua kwa upendo, nalijua hilo, kwa sababu mtoto amelia na kwa sababu mezani hakuna kingine cha mtoto wa kiume ila bunduki au gari linalovunjika magurudumu kabla ya kufika nyumbani.

Ndugu zangu, njia ambayo mzigo wenu unapita ni ya zamani kuliko sisi sote. Babu zetu waliiona misafara ikivuka ziwa kutoka Ujiji, ikashuka Mtowa, ikaja Kabambare, ikafika Kasongo, ikaendelea hadi Nyangwe. Ilikuja na vitambaa, shanga na bunduki, ikarudi na pembe na watu. Mkubwa wa Kasongo wa siku zile, Hamed bin Muhammed el Murjebi, dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Mwenyewe alieleza katika habari za maisha yake kwamba watu walimwita hivyo kwa mlio wa bunduki zake. Wengine husema ni kwa ajili ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa, lakini yeye alisema ni bunduki. Jina la mtu lilikuwa sauti ile ile ambayo mtoto wa leo anaitoa kwa mdomo akicheza. Tarehe 22 ya mwezi wa 4 mwaka 1893 majeshi ya Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, yaliuteka mji wa Kasongo, nayo yalikuja na bunduki zao. Mwaka 1964, wakati wa uasi, zikaja tena, na mnajua kilichofuata. Nikiiona katoni ya bunduki inafika kwa njia hiyo hiyo, hata kama ni za plastiki, hata kama zimetoka kiwandani China na si Zanzibar, moyo wangu hautulii.

Tuna pia neno letu ambalo nchi nzima inalijua: kadogo. Mama anaweza kumwita mtoto wake kadogo anapomnyonyesha. Mwaka 1996 na 1997 likawa jina la watoto waliotembea katika vita vya waasi wa AFDL na bunduki zilizowazidi kimo. Vita vilivyofuata viliwachukua wengine, na huko Kabambare wazazi wanajua kwamba kundi likipita kijijini, wavulana ndio wa kwanza kufichwa. Sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 ya mwezi wa 1 mwaka 2009, inakataza kumwingiza mtoto yeyote katika jeshi au kundi la silaha. Sheria hiyo haisemi neno juu ya plastiki yenu, na sitaki kuwadanganya kwamba mmeivunja. Nasema tu kwamba mtoto wa nchi nyingine akishika bunduki ya kuchezea, anaigiza sinema. Mtoto wetu anaigiza mtu aliyewahi kuja mlangoni kwao.

Wako watakaonijibu: "Mwalimu, watoto ni watoto, hata ukiwanyima watachukua fimbo waifanye bunduki." Ni kweli. Mimi mwenyewe nimewaona wakikata upongoo wa jani la mgomba, wakaupasua vipande vitatu vinne juu yake, wakavisimamisha, wakipitisha mkono vinalia pa-pa-pa-pa. Kaka zangu walitengeneza hivyo, na wametoka watu wazuri. Wala sidai kwamba bunduki ya plastiki inamgeuza mtoto muuaji. Hakuna mwalimu mwaminifu atakayewaambia hivyo. Lakini upongoo wa mgomba mtoto ameukata mwenyewe. Akichoka na vita unakuwa farasi, unakuwa mwiko wa kusongea ugali wa mchezo, jioni mbuzi anaula. Bunduki ya dukani ni bunduki asubuhi, ni bunduki jioni, na imefanana na ile ya kweli mpaka kwenye msumari. Haimwachii mtoto nafasi ya kuwaza kitu kingine.

Na imefanana mno. Saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linapoingia na umeme hakuna, kijana wa miaka kumi na miwili akitokea kwenye kona ameshika kitu cheusi kirefu, askari aliye zamu hataenda kukigusa kwanza kujua kama ni plastiki. Mnaoishi upande wa Kabambare hamhitaji nieleze zaidi. Tena ziko zile zinazorusha vipira vidogo vigumu, na kipira kimoja kwenye jicho kinatosha. Afghanistan, nchi ya Waislamu kama wengi wetu hapa Kasongo, serikali ilipiga marufuku bunduki za kuchezea mwaka 2015, baada ya sikukuu ya Idi ambayo watu wengi, zaidi watoto, waliumizwa na vipira hivyo. Nao ni watu waliokwisha kuchoshwa na vita vya kweli. Na Uswidi, ambako vita havijafika miaka mingi, wauza vichezeo wenyewe walipatana na serikali mwaka 1979 waache kuuza vichezeo vya vita. Walibaki wafanyabiashara, na maduka yao hayakufungwa.

Nikiwa bado hapo, nitaje jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui. Vichezeo vingi vinavyolia na kuwaka vina ndani yake betri bapa, ndogo kama kifungo cha shati, inayong'aa kama shilingi mpya. Kifuniko chake kikiwa cha kubandika tu, bila skrubu, siku ya tatu kinafunguka. Mtoto mchanga akiimeza ikakwama kooni, ndani ya saa mbili inaweza kuunguza koo na kulitoboa. Kutoka vijiji vya Kabambare hadi hospitali, saa mbili zinaishia njiani. Mnapochagua mzigo, hata wa magari na pupe, geuzeni kichezeo, mtazame kama mlango wa betri umefungwa kwa skrubu. Kama haukufungwa, kiacheni huko huko.

Sasa mtaniuliza, tulete nini? Niwaeleze juu ya kijana mmoja.

Ana miaka kumi na minne. Anatengeneza malori. Anaokota makopo ya sardini, anayanyoosha kwa jiwe, anakata mabati kwa kisu kilichonolewa sakafuni, anakunja kingo zote kwa ndani ili zisimkate mtoto. Magurudumu anayatoa kwenye nyayo za kandambili zilizochakaa. Anazungushia kifuniko cha chupa, anachora, anakata, halafu anayasugua kwenye saruji mpaka yawe mviringo kamili. Ekseli ni spoku ya baiskeli, zile zinazovunjika kila siku kwenye baiskeli za toleka zilizobeba mafuta ya mawese. Chini ameweka vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kwa hiyo lori likipita juu ya jiwe linanesa kama Fuso yenyewe. Usukani ni fimbo ndefu inayosimama hadi kifuani kwa mtoto. Mtoto anakimbia nyuma yake, akikata kona, magurudumu ya mbele yanageuka. Nimelipakia maembe mawili, likayafikisha. Mlango wa nyuma unafunguka, una komeo la waya.

Alikuwa anauza lori moja elfu tatu. Alikwenda nayo matano kwenye soko moja la huku kwetu, akayapanga chini. Kabla ya saa nne alikuwa ametozwa ushuru wa siku mara mbili, na watu wawili tofauti, hakuna aliyempa karatasi. Mwenye meza ya jirani akamwambia asogee, anaziba njia ya wateja. Alirudi nyumbani na malori manne na hasara. Meza ile iliyomfukuza ilikuwa na bunduki kumi na moja, nilizihesabu.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mnatuma fedha zetu hadi ziwani kununua kitu kibaya, na kitu kizuri kimekaa chini, miguuni penu, kinafukuzwa. Kijana kama huyo mkimpa agizo la malori hamsini kabla ya mwezi wa 12, atawaita wenzake watatu. Hakuna bariere ya kulipa, hakuna pikipiki ya kuzama topeni, hakuna katoni kuloa. Mtanunua kwake kwa elfu mbili na nusu, mtauza kwa elfu nne, na lori litadumu mpaka mdogo wa mwenye nalo azaliwe. Wako pia wasichana wanaowavalisha magunzi ya mahindi vitambaa vya kitenge, na nywele ni zile zile za hindi, wanazisuka wakiwa na subira ambayo darasani siioni. Fundi cherehani akiwasaidia kwa vipande anavyovitupa, pupe hizo zinafaa kukaa mezani penu. Zinafanana na mama zetu.

Nawaomba pia mfikirie mchezo ambao nyumba nzima inacheza. Vichezeo mnavyoleta vyote ni vya mtoto mmoja: anapewa, anakaa navyo pembeni, vinavunjika. Babu yangu alikuwa na bao la mti, mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na jioni tulizunguka pale wakubwa kwa wadogo. Hakuna aliyetufundisha kutoa na kujumlisha kabla ya shule. Tulijifunza kwa kuhesabu kete za babu kwa macho kabla hajazishika, kujua zitaishia shimo lipi. Alikuwa hazungumzi na sisi watoto mambo mengi, lakini kwenye bao alizungumza. Maseremala wetu wapo, mbao za mabaki wanazichoma kuni. Leo watoto wanachimba mashimo uani kwa kijiti, wanatumia vijiwe, mvua moja inafuta bao lote. Nani kati yenu ameweka bao mezani? Nimetafuta Kasongo nzima kabla ya Idi, sikupata hata moja la kununua.

Ludo nayo, kibao kilichochorwa kwa rangi nne. Dame, ambayo mume wangu na mimi tunacheza kwa vifuniko vya chupa, vyake vimelala chali, vyangu kifudifudi, na watoto wanagombana nani acheze na mshindi. Kamba nzuri ya kuruka. Mpira wa kweli, usiotoboka siku ya kwanza, kwa wale wanaocheza na mpira wa masashe yaliyofungwa kwa kamba. Wasichana wanaocheza nzango hawahitaji chochote kutoka kwenu ila mahali pa kuchezea, lakini hata wao kamba wataipokea.

Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990 ikiitwa bado Zaire, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Mara nyingi tunadhani haki hiyo iko mikononi mwa serikali. Kwa mtoto wa Kasongo iko mikononi mwenu, kwa sababu atakachochezea siku ya sikukuu ni kile mlichokipakia.

Kwa hiyo kamati za masoko, na ninyi wa shirikisho la wafanyabiashara, FEC, mlio hapa kwetu, naomba mkae mara moja tu kabla vijana hawajaondoka kwenda ziwani. Mkubaliane wote pamoja kutoleta bunduki, maana mmoja akiacha peke yake na jirani akaleta, aliyeacha ndiye atakayepata hasara, na hilo si haki. Mkubaliane pia kwamba kuanzia mwezi wa 11 hadi Bonane, na wiki mbili kabla ya kila Idi, vijana na wasichana wenye vitu walivyotengeneza kwa mikono yao wapewe kona yao sokoni bila kutozwa. Bunduki zilizobaki kwenye maghala yenu kutoka mwaka jana najua ni fedha zenu. Ili mfidie hasara ya kutoziuza, baadhi yetu walimu tumezungumza. Tuko tayari kwenda kwa wazazi, msikitini na parokiani, kuwaambia kwamba mwaka huu sokoni kuna malori na mabao, waje wanunue kwenu.

Mtoto wa mdogo wangu bado yuko nasi. Lori moja kati ya yale manne yaliyorudi nililinunua mimi. Hakulichezea siku tatu, alilitazama tu. Siku ya nne alilipakia matofali madogo ya udongo aliyoyafinyanga mwenyewe, akalisukuma kuzunguka lupango, akapita pale chini ya mwembe. Nilimwuliza anapeleka wapi mzigo huo. Akasema, "Salamabila, mama mkubwa. Naenda kujenga."

Jumamosi asubuhi nitakuja sokoni na lori hilo, amenikubalia kuliazima. Nitasimama karibu na meza za vitenge. Njoni mligeuze, mtazame jinsi ekseli ilivyofungwa.

Mwalimu na mama, Kasongo